Kuweka kwota na kutandaza faili kwenye Lustre, hatua kwa hatua

Mtumiaji wa klasta (kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja) yenye Lustre, mfumo wa faili uliogawanywa kwenye seva nyingi, haoni ila saraka moja kubwa. Anaandika, anasoma, anafuta, kama vile yuko kwenye diski yake mwenyewe. Msimamizi hana nafasi ya kuiona hivyo. Nyuma ya saraka ile kuna stoo nyingi, kila moja na mlango wake na kujaa kwake, na karani mmoja anayeshika daftari la nani amechukua nini. Makosa mengi ya kwota (kikomo cha nafasi na cha idadi ya faili) na ya utandazaji hutokea pale mtu anaposahau kwamba stoo ni nyingi.

Mfano tutakaoutumia ni mfumo unaoitwa `ghala`, umepachikwa kwenye `/ghala`, una MDT moja na OST 12 za TB 80 kila moja, juu ya ldiskfs, muundo wa diski ulio chini ya Lustre. Amri ni za Lustre 2.15. MDT hushika majina, ruhusa na ramani ya kila faili. OST hushika maudhui yenyewe. MGS hushika mipangilio ya mfumo mzima. Kutandaza ni kukata faili vipande na kuvipanga kwa zamu kwenye OST kadhaa, ili kusoma na kuandika kupite milango mingi kwa wakati mmoja.

Kwanza tazama ulichonacho

Kabla hujabadilisha chochote, toa amri hizi kwenye nodi (kompyuta ya klasta) yoyote iliyopachika mfumo:

```
lfs df -h /ghala
lfs df -i /ghala
lfs getstripe -d /ghala
```

Ya kwanza huonyesha kila OST imejaa kiasi gani. Usiridhike na mstari wa jumla ulio chini. Soma mmoja mmoja. Mfumo uliojaa asilimia 60 kwa jumla unaweza kuwa na OST moja iliyofika 97, na faili lenye kipande kwenye OST hiyo litagoma na ujumbe wa `No space left on device` huku `df` ikidai kuna mamia ya TB. Ya pili huhesabu inodi, yaani nafasi za kuandikisha faili, na ya tatu huonyesha mtandazo wa kuanzia. Mfumo ambao haujaguswa huwa na hesabu ya 1, yaani kila faili linakaa lote kwenye OST moja.

Kuwasha kwota

Tangu toleo la 2.4 Lustre huhesabu matumizi wakati wote. Amri ya zamani ya `lfs quotacheck` haina kazi tena. Ukiikuta kwenye maelekezo fulani, ujue ni ya zamani mno. Linalobaki ni kuwasha uzuiaji, na hilo hufanyika kwenye seva ya MGS:

```
lctl conf_param ghala.quota.mdt=ugp
lctl conf_param ghala.quota.ost=ugp
```

Herufi `u` ni mtumiaji, `g` ni kundi, `p` ni mradi. Mstari wa `mdt` hudhibiti idadi ya faili, wa `ost` hudhibiti ukubwa. Ukiandika mmoja ukasahau wa pili, nusu ya vikomo vyako itabaki kwenye karatasi tu.

Kwota ya mradi ilikuja na toleo la 2.10, na kwenye ldiskfs inahitaji sifa ya `project` kwenye kila MDT na kila OST. Shusha shabaha (MDT au OST husika) kwanza, kisha:

```
tune2fs -O project /dev/mapper/ost0000
```

Rudia kwa zote 13. Ukiruka moja, hesabu ya mradi itakuwa pungufu kwa kiasi kilichomo ndani ya hiyo moja, na utahangaika kutafuta TB zilizopotea ambazo hazikupotea popote. Kwa wanaotumia ZFS badala ya ldiskfs, kwota ya mradi inataka ZFS 0.8 au ya juu zaidi.

Hakiki kwenye kila seva:

```
lctl get_param osd-*.*.quota_slave.info
```

Tafuta mistari miwili: `quota enabled` iwe na herufi ulizowasha, na `conn to master` isome `setup`. OST ambayo haijaungana na karani wake inahitaji kushughulikiwa kabla hujaendelea.

Kupanga vikomo

```
lfs setquota -u asha -b 9T -B 10T -i 900000 -I 1000000 /ghala
```

Herufi ndogo `-b` na `-i` ni kikomo cha onyo. Kubwa `-B` na `-I` ni kikomo cha mwisho. Akivuka cha onyo anaendelea kuandika, ila saa inaanza kuhesabu muda wa nyongeza, ambao kwa kawaida ni wiki moja. Muda ukiisha kabla hajapunguza, kikomo cha onyo kinageuka ukuta. Cha mwisho hakina mjadala: ni `Disk quota exceeded` papo hapo. Muda wa nyongeza hubadilishwa kwa watumiaji wote kwa pamoja:

```
lfs setquota -t -u --block-grace 2w --inode-grace 1w /ghala
```

Andika herufi ya kipimo kila mara. `-B 1000` bila herufi ni KB 1000, chini kidogo ya MB moja, na mtu wa watu atashindwa hata kuhifadhi barua. Kinyume chake, sifuri haimaanishi marufuku. Sifuri ni bila kikomo.

Badala ya kuandika amri moja kwa kila mtu mpya, weka kikomo cha kuanzia kwa wote, kilichopatikana tangu 2.12:

```
lfs setquota -U -b 900G -B 1T -i 450000 -I 500000 /ghala
```

Aliyewahi kupewa kikomo chake binafsi haguswi na hiki. Ukitaka kumrudisha kwenye cha wote, `lfs setquota -u juma --default /ghala`.

Matokeo husomwa hivi:

```
$ lfs quota -h -u asha /ghala
Disk quotas for usr asha (uid 5012):
  Filesystem    used   quota   limit       grace   files   quota   limit  grace
      /ghala  9.31T*      9T     10T  6d4h12m22s  412330  900000 1000000      -
```

Kinyota kando ya 9.31T ni alama kwamba amepita onyo, na amebakiwa na siku 6 na saa 4. Namba ikiwa ndani ya mabano ya mraba, usiiamini: kuna seva ambayo haikujibu, na hesabu haijakamilika. Ongeza `-v` upate matumizi ya mtu huyo OST kwa OST.

Kwa nini namba hazigongi mstari barabara

Hapa ndipo malalamiko hutoka, na hapa ndipo kwota na utandazaji hukutana. Karani mkuu wa kwota yuko kwenye MDT0000, MDT ya kwanza. Kila OST haimuulizi kwa kila kipande kinachoandikwa, ingemchosha. Karani huipa OST fungu la nafasi, OST hugawa kutoka kwenye fungu hilo, likiisha inaomba jingine. Mtumiaji anapokaribia kikomo, karani hupunguza mafungu na kudai yaliyolala bure yarudishwe, hadi fungu dogo kabisa: MB 1 kwa ukubwa, inodi 1024 kwa idadi ya faili.

Kwa hiyo mtu mwenye faili zilizotandazwa kwenye OST 12 anaweza kuzuiwa MB kadhaa kabla ya kikomo, kwa kuwa mafungu yake yamelala kwenye stoo ambazo haziandikii sasa. Kwa kikomo cha TB 10 hakuna atakayeona. Kwa kikomo cha MB 20 alichowekewa mwanafunzi wa majaribio, ni zaidi ya nusu ya mali yake. Usiweke kikomo kinachokaribia MB 1 mara idadi ya OST.

Upande wa pili, mtu anaweza kupita. Maandishi yaliyokwisha kuingia kwenye kache ya nodi yataandikwa hata kama kwota imekwisha. Kila nodi inaweza kushika hadi `max_dirty_mb` kwa kila OST. Ikiwa thamani hiyo ni 32, kazi moja kwenye nodi 200 inayoandikia OST zote 12 inaweza kuvuka kwa MB 76,800, yaani karibu GB 75. Tazama thamani yako:

```
lctl get_param osc.ghala-*.max_dirty_mb
```

Kuipunguza kunabana mvuko lakini kunapunguza kasi ya kuandika. Kwa maoni yetu, afadhali uache nafasi ya akiba kwenye hesabu zako kuliko kuwapunguzia watu wote mwendo.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi hudhani ni mtandao: kazi ya mtumiaji mmoja inaanza kutambaa wakati za wenzake zinakwenda vizuri. Mwangalie kwota yake kwanza. Aliyefika kwenye kikomo huondolewa kwenye kache, kila andiko lake linakwenda moja kwa moja hadi seva na kusubiri jibu.

Kwota ya mradi

Data ya utafiti haina mwenyewe mmoja. Wanafunzi huja na kuondoka, na UID zao (namba za watumiaji) hubaki kwenye faili. Ndiyo maana kwa saraka za pamoja tunapendelea kwota ya mradi kuliko ya kundi: inafuata saraka, haijali nani aliandika.

```
mkdir -p /ghala/miradi/mvua
lfs project -s -p 1001 /ghala/miradi/mvua
lfs setquota -p 1001 -b 45T -B 50T -I 5000000 /ghala
```

`-s` ndiyo inayofanya faili mpya zirithi namba ya mradi. Kama saraka ilikuwa tayari na vitu ndani, ongeza `-r`, kisha hakiki kilichobaki nyuma:

```
lfs project -r -s -p 1001 /ghala/miradi/mvua
lfs project -c -r -p 1001 /ghala/miradi/mvua
```

Kwenye saraka yenye mamilioni ya faili hii ni kazi ya saa nyingi, na inaigonga MDT. Ifanye usiku.

Waambie watumiaji mapema: `mv` kati ya miradi miwili si ya papo hapo. Mfumo hukataa kubadilisha jina kuvuka mpaka wa mradi, na `mv` hujibu kwa kunakili kila kitu na kufuta cha zamani. Aliyehamisha TB 8 atadhani imekwama, ataikata katikati, na atabaki na nusu huku na nusu kule. Hardlinki (jina la pili la faili lile lile) kuvuka mpaka huo nayo hugoma.

Kutandaza: namba tatu

```
lfs setstripe -c 4 -S 1M /ghala/miradi/mvua/matokeo
```

`-c` ni idadi ya OST, `-S` ni ukubwa wa kipande, `-i` ni OST ya kuanzia. Chukua faili la MB 10 kwenye saraka hiyo. MB ya 1, ya 5 na ya 9 zinakwenda OST ya kwanza. Ya 2, ya 6 na ya 10 ya pili. Ya 3 na ya 7 ya tatu. Ya 4 na ya 8 ya nne. Ukubwa wa kipande lazima ugawanyike kwa KB 64. Weka `-c -1` ukitaka OST zote.

`-i` iache. Mtu huandika `-i 0` kwenye hati yake ya kazi, wenzake wanaiga, na miezi miwili baadaye OST0000 imejaa pomoni huku nyingine zinapumua. Bila `-i` MDT huchagua yenyewe: kwa zamu OST zinapokuwa sawa, na kwa kupendelea zenye nafasi tofauti inapozidi asilimia 17.

Idadi gani basi? Swali la maana zaidi ya ukubwa wa faili ni nani anaandika. Programu ambayo kila mchakato una faili lake, michakato 500 faili 500, iache kwenye 1. Faili zimekwisha kusambaa zenyewe kwenye OST. Faili moja linaloandikwa na michakato mingi kwa pamoja ndilo linalotaka utandazaji mpana, na ni vizuri idadi ya waandishi igawanyike sawasawa kwa idadi ya OST. Hapo angalia pia kipande: michakato miwili ikiandika ndani ya kipande kimoja itanyang'anyana kufuli, na kufuli hiyo hiyo itazunguka kutoka nodi hadi nodi badala ya data kuandikwa. Linganisha `-S` na ukubwa wa bloku inayoandikwa na kila mchakato, mfano 4M au 16M.

Kwa faili kubwa sana kuna sababu nyingine: kwenye ldiskfs kitu kimoja, yaani sehemu ya faili inayokaa kwenye OST moja, hakizidi TiB 16. Nakala rudufu ya TB 30 kwenye mtandazo wa 1 itakufa njiani hata OST ikiwa tupu.

Ubaya wa kutandaza kila kitu kwa upana ni huu. Saraka yenye faili 100,000 za KB 40, hesabu 12: kila faili linachukua vitu 12 kwenye OST, 11 kati yake vitupu. Umetengeneza vitu milioni 1.2 kuhifadhi GB 4. `ls -l` inabidi iulize OST 12 ili ijue ukubwa wa kila faili, na inodi za OST zinaliwa bure. Mtu atakuja kulalamika kwamba Lustre ni nzito. Si nzito, imebebeshwa.

Mtandazo unaokua na faili

Tangu 2.10 hakuna haja ya kubahatisha. Mpe mfumo ngazi, na OST za ngazi ya juu haziguswi hadi faili lifike huko:

```
lfs setstripe -E 256M -c 1 -S 1M \
              -E 16G  -c 4 -S 1M \
              -E -1   -c 12 -S 4M /ghala
```

Hadi MB 256 faili linakaa OST moja. Kutoka hapo hadi GB 16 linatumia nne. Zaidi ya hapo zote. Mwisho wa kila ngazi lazima ugawanyike kwa kipande cha ngazi hiyo, la sivyo amri inakataliwa. Ukiweka hivi kwenye mzizi, saraka zisizo na mtandazo wake zinafuata. Kwa mifumo mingi tunaanza na kitu cha namna hii na kuacha `-c` ya mkono kwa wale wachache wanaojua wanachofanya.

MDT ikiwa kwenye diski za haraka, ngazi ya kwanza inaweza kukaa huko huko: `-E 64K -L mdt` mwanzoni mwa amri, tangu 2.11. Mfumo wa Orion ulio Oak Ridge, Tennessee, unaohudumia kompyuta ya Frontier, hufanya hivyo: mwanzo wa faili uko kwenye metadata, sehemu inayofuata kwenye flashi, na wingi kwenye diski za kuzunguka. Lakini hesabu nafasi ya MDT kwanza. KB 64 mara faili milioni 50 ni karibu TB 3.3, na MDT ikijaa hakuna anayeweza kuunda faili popote.

Dimbwi la OST na kwota yake

Kama OST nne ni za flashi, zitenge kwenye dimbwi, yaani kundi la OST lenye jina lake. Kwenye MGS:

```
lctl pool_new ghala.haraka
lctl pool_add ghala.haraka OST[0-3]
```

Kisha `lfs setstripe -p haraka -c 4` kwenye saraka husika. Kuanzia 2.14 dimbwi linakubali kwota yake:

```
lfs setquota -u asha --pool haraka -B 5T /ghala
```

Kwota hii huhesabu kinachokaa kwenye OST zile, haiangalii kama faili lilitaja dimbwi. Ukiacha mtandazo wa mzizi bila dimbwi, faili za kawaida za Asha zitaangukia flashi kwa zamu na kumlia TB 5 zake bila yeye kujua. Tengeneza dimbwi la pili la OST nane zilizobaki, na mtandazo wa mzizi ulitaje hilo, na `-c 12` ishuke iwe `-c 8`.

Kujaribu

Jaribu kama mtumiaji wa kawaida. Root hazuiliwi na kwota, na jaribio lake halithibitishi chochote. Kwenye ZFS yenye ubanaji usitumie `/dev/zero`: sifuri hubanwa hadi kukaribia kutokuwepo, na kwota huhesabu kilichobaki baada ya kubanwa.

```
dd if=/dev/urandom of=/ghala/miradi/mvua/jaribio bs=4M count=500
lfs getstripe /ghala/miradi/mvua/jaribio
lfs quota -h -p 1001 /ghala
```

Faili hili ni karibu GB 2, kwa hiyo ngazi ya kwanza na ya pili ziwe na OST zilizoorodheshwa, ya tatu ionekane lakini bila vitu.

Faili za zamani, na OST iliyojaa

`lfs setstripe` kwenye saraka inahusu faili zitakazozaliwa. Zilizopo zinabaki zilivyo, na `mv` ndani ya mfumo haibadilishi kitu. Faili moja hutandazwa upya hivi:

```
lfs migrate -c 8 /ghala/miradi/mvua/kubwa.nc
```

OST ikifika asilimia 90 na kuendelea, izuie isipokee faili mpya. Kwenye seva ya MDS, ile inayobeba MDT:

```
lctl set_param osp.ghala-OST0003*.max_create_count=0
```

Usiizime kabisa: OST iliyozimwa haifuti hata vilivyofutwa na wenyewe, na nafasi unayoitafuta haitarudi. Kisha hamisha faili kubwa kwanza, kwa kuwa chache kati yake hufungua nafasi kuliko maelfu ya ndogo:

```
lfs find /ghala --ost ghala-OST0003_UUID -size +100G | lfs_migrate -y
```

Tumia `lfs find`, si `find`. Hakikisha hakuna kazi inayoandika kwenye faili hizo. Na uwe na nafasi kwenye OST nyingine, kwa sababu nakala ya zamani haiondoki hadi mpya ikamilike. Ukimaliza, rudisha `max_create_count` iwe 20000. OST iliyosahauliwa kwenye sifuri haitoi kelele yoyote, inakaa tu ikipungua huku wenzake kumi na mmoja wakibeba mzigo wake.